Maswali ya Wasomaji: Mwalimu Bora wa Ufundi kwa Watu Wazima Hutambuliwaje?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka mikoa mitatu tofauti, lakini zote zinauliza jambo moja: mtu anayewafundisha watu wazima kompyuta, simu au umeme atajulikanaje kuwa anafundisha vizuri. Jibu la barua ya kwanza ni refu kuliko mengine, na majibu mawili yanayofuata yanalitegemea.

Swali la kwanza

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkuu wa mafunzo katika chuo kidogo cha jioni jijini Arusha. Tunafundisha kompyuta, ufundi simu na umeme wa jua, na wanafunzi wetu wengi ni watu wa umri wa kati ya miaka 28 na 60 ambao mchana wako kazini au sokoni. Kwa miaka mitatu tumetoa tuzo ya mwalimu bora kwa kuhesabu fomu za maoni ambazo wanafunzi hujaza siku ya mwisho ya kozi. Mara zote tatu tuzo imekwenda kwa mwalimu yuleyule, mtu mcheshi anayependwa na kila mmoja. Hata hivyo, wenye karakana wanaowapokea wahitimu wetu wananiambia kwamba waliopita mikononi mwa mwalimu mwingine, mpole asiye na maneno mengi, ndio wanaojiweza kazini. Naona kuna mtu tunamwonea, lakini sijui nitumie kipimo gani kingine. Naomba ushauri wako.

*Mkuu wa mafunzo, Arusha*

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Habari uliyoletewa na wenye karakana ina uzito kuliko fomu zote ulizonazo kabatini, kwa sababu wao wanamwona mhitimu akiwa peke yake mbele ya kifaa kilichoharibika, mteja anamsubiri, na mwalimu hayupo. Hapo ndipo ufundishaji wa mtu mzima unapoonekana. Fomu ya siku ya mwisho hujazwa na mtu ambaye bado hajapata nafasi ya kujua kama alichofundishwa kitamfaa. Anachoweza kukueleza kwa uhakika ni namna alivyotendewa, kama lugha ya mwalimu ilieleweka, na kama alifurahia kuja. Hayo si mambo ya kudharau, hasa kwa mtu mzima ambaye akivunjiwa heshima mara moja harudi tena, lakini hayatoshi kumtangaza mtu kuwa mwalimu bora.

Shaka uliyo nayo wapo wengine waliokuwa nayo kabla yako, na wakaichunguza. Mwaka 2010 wachumi wawili wa Marekani, Scott Carrell na James West, walitoa utafiti walioufanya katika chuo cha jeshi la anga la nchi hiyo, ambako wanafunzi hupangiwa madarasa bila wao wala walimu wao kuchagua, na wote hufanya mtihani mmoja. Walifuatilia kumbukumbu za wanafunzi zaidi ya 10,000. Walichokikuta ni kwamba walimu wenye uzoefu mdogo waliwafanya wanafunzi wapate alama nzuri katika somo la kwanza, na wanafunzi nao wakawasifu katika fomu za maoni. Lakini katika masomo yaliyofuata, ambayo yanajengwa juu ya lile la kwanza, waliofanya vizuri zaidi ni wale waliofundishwa na walimu wazoefu ambao hawakusifiwa sana. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nao walionyesha kuwa wanafunzi wa fizikia waliofanyishwa kazi wenyewe darasani walijifunza zaidi kuliko walipokaa kusikiliza mhadhara uliotolewa kwa ustadi, ila wao wenyewe waliamini kwamba wamejifunza kidogo.

Wanafunzi wa tafiti hizo mbili walikuwa vijana, wala sidai kwamba yote yaliyoonekana huko yatatokea Arusha vilevile. Ila sababu yake naifahamu kwa miaka mingi niliyofundisha. Kujifunza kwa kweli kunachosha, na mtu aliyechoka kwa kufikiri ni rahisi kusema mwalimu hakueleza vizuri. Maelezo matamu yanayotiririka bila kikwazo, kwa upande mwingine, humpa msikilizaji hisia ya kuwa ameelewa, na hisia hiyo hudumu mpaka siku anaposhika kifaa mwenyewe.

Nikueleze nilichokiona mwenyewe, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha mahali pa kutazama. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la ufundi simu la jioni. Mwanafunzi mmoja alikuwa mzee aliyepita miaka hamsini, ambaye zamani alikuwa fundi redio. Mbele yake ilikuwapo simu isiyoingiza chaji. Alikwisha kubadilisha tundu la chaji, na bado simu haikuonyesha dalili yoyote. Akainyoosha kwa mwalimu, kama tufanyavyo sote tukikwama. Mwalimu alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, akainama kidogo, akamuuliza: «Mzee wangu, umeme umeuona wapi mara ya mwisho?» Mzee akachomeka chaja, akaweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye tundu la chaji, akasoma volti 5. Akasogea mbele kidogo kwenye bodi, akasoma tena, akatikisa kichwa: «Hapa haupo.» Mwalimu akauliza: «Kati ya pale ulipouona na hapo ulipoukosa pana nini?»

Ukimya ulikuwa mrefu, na mwalimu aliuacha uwe mrefu. Kisha mzee akasema, taratibu, kwamba hata katika redio walikuwa wakifanya hivyohivyo: sauti ikipotea, unaanzia kwenye spika na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mahali ambapo bado ipo. Mwalimu akalisimamisha darasa zima, akamwomba mzee awaeleze wenzake njia hiyo ya redio, na vijana wakasogeza viti. Ilipofika saa mbili kasoro usiku, mzee alikuwa amekipata kifyuzi kidogo kama punje ya mtama kilichokuwa kimekatika. Kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwalimu hakuigusa simu ile hata mara moja.

Katika saa hiyo moja palikuwa na karibu kila kitu ninachokitafuta ninapoombwa kumpima mwalimu wa watu wazima. Mikono yake ilitulia, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa wengi wetu mwanafunzi akikwama tunanyakua kipanya na kusema «lete nikuonyeshe». Mashine inatengemaa, mwanafunzi anabaki pale alipokuwa, na kwa mtu mzima inaongezeka aibu ya kufanyiwa kitu mbele ya vijana wa umri wa watoto wake. Maswali yake yalikuwa ya kumfanya mtu atazame, si ya kumtega. Zaidi ya yote, alijua kwamba mwanafunzi wake hakuja mikono mitupu. Mtu mzima huja darasani na miaka thelathini ya kazi, na mwalimu bora huuliza kazi hiyo ni ipi kabla hajafungua kitabu. Mama aliyekuwa mweka hazina wa kikoba anajua tayari kwamba jumla ya hisa lazima ilingane na fedha zilizomo kwenye kisanduku; ukianza kumfundisha Excel kwa daftari lake la wanachama, fomula ya kujumlisha ataielewa mara moja, na atakuuliza mwenyewe namna ya kukata riba. Ukianza kwa kumtajia majina ya menyu moja baada ya nyingine, utamchosha bure.

Jambo hili limejaribiwa pia mahali pagumu kuliko darasa lako. Chuo cha Barefoot, alichokianzisha Bunker Roy mwaka 1972 huko Tilonia katika jimbo la Rajasthan nchini India, kimewafundisha wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi, wengi wao wakiwa bibi wasiojua kusoma, kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wanawake wa Zanzibar walikuwa miongoni mwao, na baadaye kituo cha namna hiyo kikafunguliwa Kinyasini, Unguja. Mwalimu wa huko hawezi kujificha nyuma ya maneno, maana mara nyingi yeye na wanafunzi wake hawana hata lugha moja. Vipande vya saketi hutambulishwa kwa rangi, hatua hurudiwa kwa macho na vidole, na mwanafunzi huunganisha, hubomoa na kuunganisha tena. Baada ya miezi ya mafunzo mama anarudi kijijini kwake, na taa za jirani zikizimika ni yeye anayeitwa. Sijui mtihani ulio wa haki kuliko huo, kwa mwanafunzi na kwa mwalimu wake.

Na hapa kwetu tuliwahi kulifahamu. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ulifuatiwa na kampeni kubwa ya kisomo nchi nzima, na kisomo hicho kiliitwa chenye manufaa kwa makusudi. Wanakisomo walipopimwa kitaifa mwaka 1975 walipangwa katika hatua nne, na aliyetaka kufika kilele hakupimwa kwa kutamka silabi tu: alitakiwa aweze kuutumia ujuzi wake katika maisha, kusoma gazeti na kuweka hesabu ya mapato na matumizi yake. Waliopanga kipimo kile walijali mtu atafanya nini na elimu yake akirudi nyumbani. Sioni kwa nini chuo chako, chenye wanafunzi wachache na karakana zinazokupigia simu, kishindwe kujali vivyo hivyo.

Ningekushauri usizitupe fomu. Zibadilishe wakati na maswali. Mpigie mhitimu simu miezi sita baada ya kumaliza, umuulize ni kazi gani ya mwisho aliyoifanya peke yake, alikwama wapi, na alijitoaje. Mtu aliyefundishwa vizuri atakusimulia kwa urefu. Aliyefundishwa juujuu atakuambia kozi ilikuwa nzuri. Kabla kozi haijaisha, mwombe fundi wa nje aharibu vifaa vichache kwa namna ambayo haikufundishwa darasani, na umpe kila mwanafunzi kimoja bila mwalimu wake kuwapo. Usitazame tu kama amekitengeneza. Tazama kama alikuwa na njia ya kutafuta, au kama alibadilisha vipande kwa kubahatisha mpaka kimoja kikakubali. Kwa wanaojifunza kuandika programu, wape programu fupi yenye kosa na uwatazame wakiusoma ujumbe wa hitilafu: aliyefundishwa vizuri huusoma mpaka mwisho na kwenda kwenye mstari uliotajwa, na yule mwingine huufunga upesi kana kwamba ametukanwa.

Kaa darasani pia, angalau mara mbili kwa kila mwalimu, na umwambie mapema kwamba utakuja, kwa sababu mtu mzima anayefundisha watu wazima hastahili kuviziwa. Na uwatafute walioacha. Hili ndilo vyuo vingi havilifanyi, nami nalisema kwa uchungu. Mtoto akichukia shule ataletwa na mzazi kesho yake; mtu mzima huacha kimya, bila barua wala malalamiko, na jina lake linafutwa kana kwamba hakuwahi kuwapo. Wengine huacha kwa sababu ya nauli, zamu za kazi au kuuguza, na hapo mwalimu hana lawama. Lakini darasa likianza na watu 24 na kumaliza na 9 waliofaulu wote, mwalimu huyo hajafaulisha kwa asilimia mia moja. Jihadhari vilevile na mwalimu anayechagua wanafunzi wepesi mwanzoni na kuwaelekeza wazito kwa mwenzake, maana matokeo yake yatang'aa bila yeye kufundisha chochote cha ajabu.

Uamuzi wenyewe usiufanye peke yako. Waite mwenye karakana mmoja, mhitimu wa zamani mmoja na mwalimu mmoja asiyeshindania tuzo, waweke mbele ya hayo yote, pamoja na fomu. Inawezekana kabisa kwamba yule mcheshi naye ni mwalimu mzuri. Ucheshi si kosa, na darasa la usiku linauhitaji. Ninachokuomba ni kwamba safari hii ajulikane kwa kazi ya wanafunzi wake.

Kuhusu tuzo yenyewe, ngao na cheti ni vizuri, lakini mwalimu wa ufundi anafurahi zaidi akipewa kitu cha kufundishia: bodi mbovu za kutosha, mita mpya, saa mbili kwa wiki za maandalizi zinazolipwa. Mpe pia nafasi ya kutazamwa na wenzake anapofundisha, kwa ridhaa yake. Mpole wako wa maneno machache huenda hajawahi kuulizwa na mtu yeyote anafanyaje.

Swali la pili

Mwalimu, nina umri wa miaka 52, nauza vitenge Tanga mjini, na ninataka kujifunza kompyuta ili niweke hesabu zangu na kupokea oda kwa mtandao. Mwaka jana nilijiandikisha mahali fulani nikaacha baada ya wiki mbili, kwa sababu kila nilipouliza, kijana aliyekuwa akitufundisha alisema «hilo tumeshapita, mama», na wenzangu wakacheka. Ada sikurudishiwa. Nitajuaje mwalimu mzuri kabla sijatoa fedha tena?

*Mama muuza vitenge, Tanga*

Jibu

Pole sana, mama yangu, na ninafurahi kwamba hujakata tamaa, kwa kuwa kosa halikuwa lako. Kuuliza jambo lililokwisha kupita ni sehemu ya kujifunza. Mwalimu anayelijua somo lake ana njia ya pili na ya tatu ya kulieleza, na asiyelijua vizuri ana njia moja tu, ndiyo maana hukasirika ukimrudisha nyuma.

Kabla ya kulipa, omba kukaa katika darasa moja, hata kwa nusu saa. Mahali panapojiamini hawatakukatalia. Ukishakaa, usimsikilize mwalimu sana, watazame wanafunzi. Nani ameshika kipanya? Ikiwa mwalimu anazunguka na kubonyeza kwa niaba ya watu, ondoka. Ikiwa wanafunzi watatu wanagawana kompyuta moja, tazama kama wanapokezana au kama kijana mmoja ndiye anayefanya na wengine wawili wanaangalia, kwa kuwa wewe utakuwa miongoni mwa wanaoangalia. Ngoja mtu akosee, uone kinachofuata. Pale penye mwalimu mzuri, kosa la mmoja linazungumzwa na wote bila mtu kuinamisha kichwa.

Kisha mwulize mwalimu swali moja: «Nina daftari langu la mauzo ya vitenge, naweza kuja nalo?» Akikuambia kwamba mtafuata mtaala kwanza na hayo yatakuja mwishoni, mshukuru uende zako. Akikuomba ulifungue palepale, akauliza unatenganishaje mali ya mkopo na ya taslimu, umempata. Na usisahau kuomba namba ya simu ya mhitimu mmoja wa rika lako, umpigie.

Swali la tatu

Mwalimu, mimi ni fundi simu hapa Mwanza kwa miaka kumi na mmoja. Katika kibanda changu nimefundisha wanagenzi kumi na wanne, na wanne kati yao walikuwa watu wazima kuliko mimi. Wengi sasa wana vibanda vyao. Sina cheti cha ufundi wala cha ualimu, na nilipoomba kufundisha katika kituo kimoja nilirudishwa mlangoni. Je, kazi yangu inaweza kutambuliwa?

*Fundi, Mwanza*

Jibu

Inaweza, ndugu fundi, ila una mambo mawili ya kutambuliwa, na yanapita milango tofauti. La kwanza ni ufundi wenyewe. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, akionekana ana pengo anapewa mafunzo mafupi ya kuliziba, kisha anapewa cheti. Nenda katika chuo cha VETA kilicho karibu nawe uulize kama fani ya simu na elektroniki imo katika awamu inayokuja.

La pili ni ualimu, na hili cheti cha ufundi hakilithibitishi. Wapo mafundi hodari wasioweza kumfundisha mtu, kwa sababu mikono yao inafanya haraka kuliko wanavyoweza kueleza. Kwa walimu wa ufundi stadi kuna chuo maalumu Morogoro, na ukishapata cheti cha fani yako ndiko pa kuulizia sifa za kujiunga.

Wakati unasubiri, anza leo kuandika. Chukua daftari, kila mwanagenzi umpe kurasa mbili: alikuja lini akiwa anajua nini, kazi ya kwanza aliyoimaliza bila wewe kumsogelea ilikuwa ipi na ilikuwa baada ya muda gani, alishindwa wapi na ulimsaidiaje, na sasa yuko wapi. Kwa wale wanne waliokuzidi umri, andika zaidi, kwa kuwa kumfundisha aliyekuzidi umri bila kumvunjia heshima ni ujuzi ambao vituo vingi vinauhitaji. Waombe watatu au wanne wakubali kupigiwa simu. Ukirudi kwenye kituo kile, au kingine, fika na daftari hilo pamoja na simu moja mbovu, uombe upewe mwanafunzi wao mmoja na dakika arobaini.